Gilbert Walker: mtu wa hesabu aliyeiunganisha mvua yetu na bahari za mbali

Kila mwaka ifikapo Oktoba, watu wa Gongoni na Tabora nzima huanza kutazama mawingu. Shamba limeshafyekwa, mbegu za mahindi na karanga zimeshawekwa tayari, na waliootesha miche ya tumbaku wanahesabu siku za kuihamishia shambani. Wakati huohuo redio inasoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, kuhusu mvua za msimu, zile zinazoanza Novemba na kumalizika Aprili.

Ndani ya utabiri huo hutajwa mambo ambayo wasikilizaji wengi hujiuliza yanatuhusu vipi. Hutajwa joto la Bahari ya Pasifiki, joto la Bahari ya Hindi na mifumo ya mgandamizo wa hewa. Kutoka Tabora hadi pwani ya karibu kabisa ni takriban kilomita 700. Pasifiki ndiyo usiseme, iko upande wa pili wa dunia. Bahari hizo zinaingiaje kwenye shamba la Gongoni?

Jibu linaanzia kwa mtu mmoja ambaye hakusomea hali ya hewa na alikuwa bingwa wa hesabu tu. Jina lake ni Gilbert Walker. Alitafuta kitu kimoja, akakikosa, lakini njiani akaokota kingine kikubwa zaidi. Hicho alichookota ndicho wataalamu wanachokitumia leo wanapotuambia juu ya El Nino.

Mtoto wa mhandisi

Gilbert Thomas Walker alizaliwa tarehe 14 Juni 1868 katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mhandisi, na familia ilihamia Croydon, karibu na London, Gilbert akiwa bado mdogo. Shuleni hesabu ndizo zilizomteka, pamoja na vitu vinavyozunguka kama pia.

Alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1889 aliongoza wanafunzi wote katika mtihani mkuu wa hesabu, heshima iliyotazamwa na nchi nzima wakati ule. Lakini mwaka uliofuata afya yake ilivunjika. Alilazimika kukaa vipindi vya baridi nchini Uswisi ili apate nguvu, na huko akajifunza kuteleza kwenye barafu, mchezo alioupenda maisha yake yote.

Walker alipenda pia kurusha bumarangi, kile kigongo kilichopinda cha wenyeji wa Australia ambacho kikirushwa hurudi kwa aliyekirusha. Alikirusha kwenye viwanja vya Cambridge, akaandika hesabu za kueleza kwa nini kinarudi, na marafiki wakambatiza jina la Boomerang Walker. Alipiga filimbi na kuchunguza namna ya kuitengeneza iwe na sauti bora zaidi. Chochote kilichokwenda na kurudi, kilichozunguka au kutetemeka, yeye alitaka kujua hesabu yake.

Mwaka 1904 akaitwa kwenye kazi ambayo hakuwahi kuifanya: kuongoza Idara ya Hali ya Hewa ya India, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Makao makuu ya idara yalihamishiwa Simla, mji ulioko kwenye milima ya Himalaya. Walker alifika bila ujuzi wowote wa mawingu na mvua. Waliomchagua waliona wamekwishajaribu wajuzi wa mvua, na sasa walihitaji mtu wa namba.

Njaa iliyosababisha idara kuanzishwa

Ili uelewe uzito wa kazi ile, lazima ujue India ilikotoka. Mkulima wa India hutegemea mvua za kusi, zinazoanza Juni na kumalizika Septemba. Zikikosekana, mavuno hayapo. Zilikosekana mwaka 1876 na 1877, na mamilioni ya watu wakafa kwa njaa. Sababu haikuwa mvua peke yake, maana serikali ya kikoloni iliacha nafaka iendelee kusafirishwa nje ya nchi huku watu wakifa. Hata hivyo swali lilibaki: je, ukame ungeweza kujulikana mapema?

Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imeanzishwa mwaka 1875. Mkuu wake wa kwanza, Henry Blanford, aliona kwamba theluji ikiwa nyingi kwenye milima ya Himalaya, mvua za kusi mara nyingi huwa hafifu. Aliyemfuata, John Eliot, aliongeza dalili nyingine na kutoa utabiri wa kina. Mwaka 1899 Eliot alitangaza kwamba mvua zitakuwa nzuri. Zikaja kinyume kabisa, na njaa ikarudi tena na kuua watu wengi.

Utabiri ule uliokosea ndio uliokuwa mezani Walker alipoingia ofisini. Nyuma yake yalikuwapo makaburi. Alijua kwamba mkulima akiambiwa panda halafu mvua isije, amepoteza mbegu, nguvu na chakula cha mwaka mzima.

Hewa ina uzito

Kabla hatujaendelea na maisha yake, tusimame kidogo kwenye neno mgandamizo wa hewa.

Hewa ina uzito. Hewa yote iliyo juu ya kichwa chako, mpaka mwisho wa anga, inakulemea. Hatuusikii uzito huo kwa sababu tumezaliwa ndani yake, lakini chombo kinachoitwa barometa huupima. Pwani, kwa mfano Dar es Salaam, barometa husoma takriban hektopaskali 1,013. Tabora, iliyo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, husoma kama 880 hivi, kwa kuwa sehemu ya hewa tumeiacha chini yetu. Ndiyo maana wataalamu hurekebisha namba hizo kwanza, kana kwamba vituo vyote viko usawa wa bahari, kisha ndipo hulinganisha.

Palipo na joto, hewa hupanuka na kupaa, na mgandamizo wa chini hupungua. Palipo na ubaridi, hewa hushuka na mgandamizo huongezeka. Kisha hewa hukimbia kutoka kwenye mgandamizo mkubwa kwenda kwenye mgandamizo mdogo, kama inavyotoka kwenye tairi la baiskeli lililotoboka. Hewa hiyo inayokimbia ndiyo upepo.

Upepo ukivuma juu ya bahari wiki baada ya wiki, hauleti mawimbi tu. Huyaburuta maji yenyewe, yakaanza kutembea kama mto ndani ya bahari. Huo ndio mkondo wa bahari. Mgandamizo ukibadilika, upepo hubadilika. Upepo ukibadilika, mkondo nao hufuata, na maji ya moto au ya baridi huhamia mahali pengine.

Wazee wa Tabora waliishi ndani ya jambo hili bila kulipa jina hilo. Katika karne ya 19 bidhaa zilizopita hapa kwenda Ujiji upande wa magharibi, au Karagwe na Buganda upande wa kaskazini, nyingi zilianza safari baharini. Majahazi yalitoka Uarabuni na India kwa upepo wa kaskazi, yakashusha nguo na shanga Zanzibar, na yakarudi kwa kusi. Mizigo ikavushwa hadi Bagamoyo, ikawekwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na kutembezwa miezi miwili, mitatu hadi Tabora.

Kaskazi na kusi ni kazi ya mgandamizo. Kati ya Juni na Septemba bara la Asia huwa limepata joto kali na mgandamizo wake ni mdogo, wakati kusini mwa Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, upo mgandamizo mkubwa. Upepo hutoka kusini kwenda kaskazini. Kati ya Desemba na Februari Asia hupoa, mambo hugeuka, na upepo nao hugeuka.

Hata mkondo wa bahari hugeuka. Kwenye pwani ya Somalia upo mkondo mkubwa ambao wakati wa kusi hukimbia kuelekea kaskazini kwa kasi inayoweza kuzidi mita 2 kwa sekunde, zaidi ya mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Ikifika kaskazi, maji yaleyale hurudi kusini. Mikondo mikubwa inayogeuka hivyo kila mwaka ni michache sana duniani, na mmoja wao uko hapa kwetu.

Mvua ya Zanzibar kwenye daftari la Simla

Turudi kwa Walker. Hakuwa na kompyuta wala setilaiti. Alikuwa na makarani wa Kihindi, madaftari, na vipimo vilivyotumwa kwa barua na telegramu kutoka vituo vya dunia nzima. Aliamua kufanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kwa ukubwa ule: kulinganisha kila kituo na kila kingine, mwaka hadi mwaka, kuona vipi vinakwenda pamoja na vipi vinapishana.

Makarani walikokotoa kwa mkono. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 na wataalamu kuitwa vitani, makarani hao waliendelea na kazi. Majina yao hayatajwi sana vitabuni, lakini bila wao Walker asingefika popote.

Alikuwa mwangalifu kwa jambo moja ambalo wengi hulisahau hata leo. Ukijaribu dalili nyingi, lazima mojawapo itapatana na mvua kwa bahati tu. Waulize watabiri ishirini kama mwaka huu mvua itakuwa nyingi au chache: yuko atakayepatia, na hilo halithibitishi kuwa anajua. Walker alitengeneza kanuni ya kupima kama dalili ni ya kweli au ni bahati, na dalili nyingi zilizosifiwa na wenzake zikaanguka kwenye kipimo hicho.

Kati ya zilizobaki, nne zilikuwa za muhimu katika hesabu zake za mwanzo: theluji ya Himalaya, mgandamizo wa hewa wa Mauritius, mgandamizo wa Amerika Kusini, na mvua ya Zanzibar ya Aprili na Mei. Masika yakiwa makubwa Zanzibar, ilikuwa dalili isiyo njema kwa India.

Hapo tuitazame historia kwa macho mawili. Kipimo cha mvua cha kisiwa chetu kilisafiri hadi milima ya Himalaya kwenda kusaidia hesabu ya mvua za India. Mkulima wa Unguja, au wa Tabora, hakuletewa utabiri wowote kwa malipo. Mtandao ule ulijengwa kwa manufaa ya dola. Lakini namba zilizokusanywa zilikuwa za kweli, na hatimaye zimeturudia.

Karani wa bandari

Kipo kisa kimoja cha miaka hiyo kinachoonyesha Walker alikuwa mtu wa namna gani. Mwaka 1913 alitembelea Madras, akaonyeshwa madaftari ya karani kijana wa bandari aliyekuwa akiandika hesabu ngumu peke yake, bila shahada. Walker hakujidai kuwa anaelewa kila kitu kilichoandikwa mle. Aliona tu kwamba ni kazi kubwa, akaandikia Chuo Kikuu cha Madras akiomba kijana apewe ruzuku ili asome bila kuhangaikia mshahara. Chuo kikakubali. Karani huyo alikuwa Srinivasa Ramanujan, ambaye baadaye alikwenda Cambridge na kuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa hesabu waliopata kutokea duniani.

Walker alikuwa na jicho la kuona mpangilio kwenye rundo la namba, hata kama sababu yake bado imefichika. Jicho hilohilo ndilo lililoiona mizani ya dunia.

Mizani kubwa kuliko zote

Katika maandiko yake ya mwaka 1923 na 1924, Walker alieleza alichokikuta. Mgandamizo wa hewa ukipanda upande wa mashariki wa Pasifiki, hushuka upande wa Bahari ya Hindi, Indonesia na kaskazini mwa Australia. Ukishuka kule, hupanda huku. Ni kama mizani ya dukani yenye sahani mbili: moja ikizama, nyingine inainuka. Tofauti ni kwamba mkono wa mizani hii una urefu wa maelfu ya kilomita, na huchukua mwaka mmoja hadi miaka kadhaa kuyumba.

Aliita jambo hilo kwa jina linaloweza kusemwa Myumbo wa Kusini. Aliona pia miyumbo mingine miwili midogo zaidi, mmoja wa Atlantiki ya Kaskazini na mwingine wa Pasifiki ya Kaskazini. Mizani ilipoinama upande mmoja, mvua za India, Australia, Amerika na sehemu za Afrika zilibadilika kwa pamoja. Hadi siku hizo watu wengi waliamini kwamba ukame wa nchi moja ni jambo la nchi hiyo. Walker alionyesha kwamba hewa ya dunia ni nyumba moja yenye vyumba vingi.

Mwaka huohuo wa 1924 alistaafu India, akapewa cheo cha Sir, na kwenda kuwa profesa wa hali ya hewa katika Chuo cha Imperial, London. Alikaa hapo hadi mwaka 1934.

Lakini utabiri wa mvua za India, kazi aliyotumwa, haukupata kuwa imara. Dalili zilizofanya kazi miaka ishirini zilidhoofika miaka iliyofuata. Tena ilionekana kwamba mvua za India zilitabiri mambo yanayokuja baadaye kwenye mizani kuliko mizani ilivyozitabiri zenyewe. Wenzake wengi walisema haiwezekani mahali palipo mbali hivyo paguswe na jambo moja, na walimtaka aeleze sababu. Sababu hakuwa nayo, na hakuficha. Aliona kwanza ukweli ukusanywe, maelezo yatafuata. Hata neno utabiri alilikwepa, akachagua neno lenye maana ya kivuli kinachotangulia kitu chenyewe.

Alichokikosa kilikuwa baharini

Kwa nini mizani iyumbe kwa mwaka mzima? Hewa ni nyepesi na hubadilika kwa siku chache. Lazima kipo kitu kizito kinachoishikilia.

Kitu hicho ni bahari, na Walker hakuwa na vipimo vya kutosha vya joto la maji. Meli zilipima pale zilipopita tu, na katikati ya Pasifiki zilipita chache.

Nchini Peru, wavuvi walijua kwa miaka mingi kwamba karibu na Krismasi maji ya moto huja na samaki hupungua. Waliuita mkondo huo El Nino, maana yake mtoto, wakimkumbuka mtoto Yesu. Hakuna aliyeunganisha maji ya wavuvi hao na mizani ya hewa ya Walker.

Kuanzia Julai 1957 hadi Desemba 1958, nchi nyingi zilishirikiana kupima dunia kwa pamoja, kuanzia barafu za kusini hadi vilindi vya bahari. Ikatokea kwamba kipindi hicho El Nino kubwa ilikuwa inaendelea. Safari hii vipimo vilionyesha kwamba maji ya moto hayakuishia kwenye pwani ya Peru. Yalienea maelfu ya kilomita hadi katikati ya Pasifiki.

Wakati vipimo hivyo vikikusanywa, tarehe 4 Novemba 1958, Gilbert Walker alifariki dunia nchini Uingereza akiwa na umri wa miaka 90. Jibu la swali lake lilikuwa tayari limeandikwa kwenye madaftari ya meli, lakini hakuna aliyekuwa amelisoma.

Aliyelisoma ni Jacob Bjerknes, mtaalamu wa Norway aliyefundisha California, Marekani. Mwaka 1969 alieleza hivi. Kwa kawaida mgandamizo ni mkubwa mashariki mwa Pasifiki na ni mdogo Indonesia, hivyo upepo husukuma maji ya juu, yaliyopigwa jua, kuelekea magharibi. Maji ya moto hurundikana Indonesia kiasi kwamba uso wa bahari kule huwa juu kwa karibu nusu mita kuliko Peru. Nyuma yake, Peru, maji ya baridi hupanda kutoka chini kujaza pengo, na samaki hushiba.

Tofauti ya mgandamizo ikipungua, upepo hulegea. Rundo la maji ya moto likikosa wa kulizuia, huteleza kurudi mashariki, na mkondo wa ikweta hudhoofika au hata kugeuka. Sasa mashariki kumepata joto, hewa inapaa pale, mgandamizo unazidi kushuka, na upepo unazidi kulegea. Hewa inaisukuma bahari, na bahari inaisukuma hewa. Hiyo ndiyo El Nino. Mizani ikilemea upande wa pili, upepo ukawa mkali na maji ya baridi yakatawala, huitwa La Nina.

Bjerknes aliupa mzunguko huo wa hewa jina la mtu aliyeuona kwanza kwenye namba: Mzunguko wa Walker. Jina hilo linatumika mpaka leo.

Mizani yetu ya Bahari ya Hindi

Habari haikuishia Pasifiki. Bahari ya Hindi nayo ina mizani yake, iliyoelezwa vizuri na watafiti walioongozwa kutoka Japani mwaka 1999. Miaka mingi, mwezi Oktoba na Novemba, upepo kwenye ikweta husukuma maji ya moto kuelekea Indonesia. Lakini miaka mingine mgandamizo hubadilika, upepo huvuma kutoka mashariki, na maji ya moto huja kwenye pwani yetu. Bahari ikiwa moto mbele ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, mawingu hujaa na mvua hupita kiasi. Wataalamu huiita daipoli ya Bahari ya Hindi.

Mwaka 1961 ulikuwa mmoja wa miaka hiyo. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba, Afrika Mashariki ilikuwa katikati ya mvua kubwa za vuli, na Ziwa Victoria likaanza kupanda hadi kupita mita mbili kwa miaka michache iliyofuata. Pasifiki mwaka ule haikuwa na El Nino.

Mwaka 1997 mizani zote mbili ziliinama kwa pamoja. Mafuriko yalipiga Kenya, Somalia na Tanzania, reli ya kati inayotuunganisha na pwani ikakatika, na magonjwa kama kipindupindu na Homa ya Bonde la Ufa yakafuata. India, ambayo kwa hesabu za zamani ilitarajiwa kupata ukame, ikapata mvua za kawaida. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa kali tena, lakini Afrika Mashariki haikuona mafuriko ya ukubwa wa 1997. Kisha mwishoni mwa 2019, bila El Nino ya nguvu, bahari yetu ikapata joto na mvua zikafurika.

Anatuachia nini

Kwa mkulima wa Gongoni, maisha ya Walker yana mafunzo ya kufanyia kazi.

Kwanza, ukisikia El Nino imetangazwa, usikimbilie kusema mafuriko yanakuja shambani kwako. Athari zake huonekana zaidi kwenye vuli za Oktoba hadi Desemba, katika maeneo ya kaskazini na pwani yenye misimu miwili. Tabora tuna msimu mmoja mrefu, na huku kamba inayotufunga na Pasifiki ni dhaifu zaidi. Sikiliza kile kinachosemwa kuhusu mkoa wako, na uliza pia Bahari ya Hindi ikoje.

Pili, TMA inaposema mvua zitakuwa juu ya wastani, za wastani au chini ya wastani, inatoa uwezekano, si ahadi. Utabiri wa msimu unaweza kukosea mwaka mmoja na bado ukawa wa manufaa kwa miaka kumi. Busara ni kuutumia bila kuweka mayai yote kwenye kapu lake. Ukielekezwa kwenye upungufu, ongeza mtama, uwele au muhogo na mbegu za muda mfupi, lakini usiache mahindi yote. Ukielekezwa kwenye wingi, zibua mitaro na kagua paa la ghala mapema. Kisha fuatilia taarifa za siku kumi na za mwezi, kwa sababu kadiri siku zinavyokaribia ndivyo kivuli kinavyozidi kufanana na mwenye nacho.

Tatu, vipimo vidogo vina thamani. Aliyekuwa akimwaga maji ya kipimo cha mvua Zanzibar na kuandika namba kila asubuhi hakujua kwamba anasaidia kuifumbua siri ya dunia. Ukiwa na kipimo cha mvua, hata kama ni cha shule au cha ofisi ya kata, andika namba yako kila siku bila kuruka, na tarehe yake. Daftari la miaka ishirini ni mali ambayo wajukuu wataitumia.

Mwaka 1899 utabiri mmoja ulitolewa kwa uhakika usiokuwapo, na watu waliouamini wakakuta maghala matupu. Gilbert Walker alirithi aibu hiyo, akakaa miaka 20 akihesabu, na hakuwahi kusema anajua zaidi ya kile namba zilichomwonyesha. Oktoba ijayo, mtangazaji akitaja mgandamizo wa hewa na joto la bahari, kaa usikilize mpaka mwisho, kisha ndipo uamue unapanda nini, lini, na unabakiza mbegu kiasi gani nyumbani.